Kilalo cha Kalonda

Mwezi wa kumi, tarehe 4

Mvua ya kwanza ya nguvu. Imeanza saa tisa mchana, imesimama saa kumi na moja, na kati ya hapo watu kumi na tisa wameiandikia Njia. Nimekaa mbele ya kompyuta nikitazama ujumbe wao ukiingia mmoja mmoja.

Daftari hili ni jipya, basi niandike mara moja Njia ni kitu gani. Ni programu niliyoitengeneza mwenyewe tangu mwaka jana, niliporudi Kasongo kutoka masomo ya informatike, yaani ya kompyuta. Haihitaji simu kubwa wala interneti. Mtu wa kinga, yaani baiskeli, anatuma jina la mto kwa ujumbe mfupi, na programu inamjibu kama daraja la mto huo linapitika au halipitiki. Habari zinatoka kwa waangalizi kumi na mmoja wanaoishi karibu na madaraja. Wanaandika DARAJA, jina la mto, kisha NDIYO au HAPANA. Kompyuta iko nyumbani kwa mama, imefungwa na waya kwenye simu ya zamani, na vyote viwili vinakula jua kutoka kwenye paneli iliyo juu ya bati.

Waangalizi niliwatafuta mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilipanda kinga kutoka Kasongo hadi Kabambare, nikaendelea hadi Salamabila, nikarudi. Siku kumi na saba, madaraja thelathini na nane, matairi mawili. Kaka yangu mkubwa, yaya Magloire, anayesukuma mchele na mafuta ya mawese kwenye njia hiyo tangu alipokuwa kijana, alicheka sana.

"Watu wanapita njia ile juu ya kutafuta chakula," alisema. "Weye unapita juu ya kuhesabu miti?"

Tarehe 7

Mvua. Betri imefika nusu tu.

Tarehe 12

Yaya Magloire amerudi kutoka Kabambare akiwa na matope mpaka kiunoni. Alikula sahani mbili za wali na sombe, majani ya muhogo, kabla ya kusema neno. Kisha akasema:

"Pale Lusangi watu wa kinga hawaulizane tena. Zamani ukikutana na mutu njiani unasimama, unamuuliza ametoka wapi, mito iko namna gani. Sasa kila mutu anatosha simu mufukoni."

Alilisema kama habari. Mimi nimelichukua kama sifa.

Tarehe 15

Darasani: wanafunzi arobaini, kompyuta mbili, moja haiwaki. Nimewafundisha kibodi kwa kuichora ubaoni.

Tarehe 19

Mama Olga wa Kalonda hajatuma kitu tangu tarehe 8. Waangalizi wengine wote wametuma. Kalonda ni mto mdogo lakini njia yake ni ya lazima, kwa sababu daraja lake la miti liko kwenye mkato unaotoka Lusangi kuja huku, na hospitali iko ng'ambo yake. Kwa mkato ni mwendo wa masaa manne kufika hospitalini. Kwa barabara kubwa ni masaa manane, na mvua ikinyesha ni zaidi.

Olga anauza mihogo na karanga mbele ya nyumba yake, hatua hamsini kutoka darajani. Akiinua macho analiona. Kuandika maneno matatu ni kazi gani? Tarehe 8 aliandika vizuri, lakini siku hiyo ni mimi niliyempigia na kumsomea herufi kwa herufi.

Programu inaendelea kujibu kwa habari ya mwisho iliyo nayo: Kalonda inapitika.

Tarehe 26

Nyangwe kwa kinga, kwenda jana na kurudi leo. Nilitoka kabla jua halijawa kali. Mchanga mwanzoni, halafu udongo mgumu, halafu ile sehemu ya magugu marefu ambapo njia ni upana wa tairi tu na majani yanakupiga miguu pande zote mbili. Mnyororo ulitoka mara nne. Sijafurahi hivi tangu kiangazi. Nikiwa kwenye kinga sitengenezi kitu chochote kichwani. Naangalia tu hatua kumi za mbele.

Nyangwe nilimtafuta Assumani, mwenye mitumbwi, awe mwangalizi wa kivuko. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiziba ufa wa mtumbwi.

"Nikiandika asubuhi maji iko sawa," alisema, "na mchana maji inachafuka, mutu atakuja kunipiga mimi ao atakupiga weye?"

"Mimi," nilisema, tukacheka wote wawili. Akakubali.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 2

Olga bado. Leo nimeondoa namba yake kwenye orodha na kumwandikia: "Mama Olga, naona huna nia na kazi hii. Aksanti kwa ulichofanya." Nitatafuta mtu mwingine Kalonda nikipata likizo.

Tarehe 5

Radi imepiga mti wa jirani. Paneli salama.

Tarehe 9

Yaya Magloire alikuwa arudi tarehe 12. Amerudi leo, na mzigo wake ameuacha Lusangi kwa rafiki. Hilo hajawahi kulifanya.

Hakuomba chakula. Alikaa kwenye kiti cha mama, mbele ya jiko, akaniuliza:

"Unamujua Iliasi?"

"Iliasi gani?"

"Iliasi wa kinga ya bluu, wa kule Lusangi. Mwenye anaimbaka akipanda mulima."

Nilimjua kwa namba. Ni mmoja wa wale wanaouliza zaidi.

Nayaandika aliyoniambia kwa mpangilio alioniambia. Tarehe 4, alfajiri, mke wa Iliasi, jina lake Régina, alishikwa na uchungu. Muuguzi wa kwao aliona mtoto amekaa vibaya, akasema waende hospitalini bila kukawia. Pikipiki haikupatikana. Iliasi alifunga godoro nyuma ya kinga, akamlaza mkewe juu yake, na mdogo wake Asani akashika upande mmoja. Walipofika panda ya njia, ambapo mkato na barabara kubwa zinaachana, Iliasi alisimama, akatoa simu, akaandika KALONDA. Simu ikamjibu: KALONDA INAPITIKA.

Wakashika mkato. Walipofika mtoni hakukuwa na daraja. Kulikuwa na miti miwili imebaki imesimama ukingoni, na maji yamepanda mpaka kwenye majani. Walisubiri kidogo wakifikiri yatashuka. Hayakushuka. Wakageuza kinga, wakarudi mpaka panda, wakaanza barabara kubwa upya. Walifika hospitalini jua linazama. Madaktari walimwokoa Régina. Mtoto alikuwa amekwisha.

"Alikuwa mutoto mwanaume," Magloire alisema.

Mama aliacha kupepeta mchele. Ungo ulibaki mapajani pake.

"Nani amesema ni Njia?" niliuliza.

"Iliasi anaonyesha watu simu. Mesaji iko pale. Nimeisoma na macho yangu."

Neno la kwanza lililonijia kichwani naliandika kwa sababu ndilo la kweli. Lilikuwa: Olga. Nilifikiri, huyu mama angefanya kazi yake, mtoto yule angekuwa hai. Nilikaribia kulisema kwa sauti.

Tarehe 10

Sikwenda shuleni. Nimeifungua programu mstari kwa mstari, kutafuta ushahidi wa kosa la Olga.

Nilipoiandika mwaka jana niliiambia hivi: ujumbe ambao hauanzi na neno DARAJA wala na jina la mto, usihangaike nao, uweke pembeni kwenye faili linaloitwa takataka. Nilifikiri mle mtaingia matangazo ya kampuni za simu na watu wanaotuma salamu. Sikuwahi kulifungua. Leo nimelifungua. Mna jumbe sitini na tatu. Tatu zimetoka kwa Olga.

Tarehe 21 ya mwezi wa kumi: "Kilalo ya Kalonda inaanza kulala upande. Uambie watu."

Tarehe 29: "Kilalo ya Kalonda imeenda na maji leo asubui. Mutu asikuye huku. Ni Olga."

Tarehe 3 ya mwezi huu: "Mwalimu unasema sina nia. Niko natuma. Kilalo hakuna. Haupate mesaji zangu?"

Kilalo. Kuanzia hapa mpaka Kabambare, hakuna mtu anayesema daraja. Mimi mwenyewe nilikua nikisema kilalo. Nikiwa mdogo mama alikuwa akinikataza kucheza juu ya kilalo. Daraja nililipata shuleni, na nilipoandika programu nikaona linakaa vizuri zaidi kwenye skrini.

Na hilo si kosa lote. Hata kama Olga asingetuma kitu, habari ya Kalonda ilikuwa ya tarehe 8 ya mwezi wa kumi. Iliasi aliuliza karibu mwezi mzima baadaye, katikati ya mvua. Mtu ukimuuliza habari ya mwezi uliopita, atakuna kichwa, atakuambia, mimi nilipita zamani. Programu yangu haikukuna kichwa. Ilijibu mara moja, na haikutaja tarehe, kwa sababu sikuifundisha kutaja tarehe.

Nilimsomea mama jumbe za Olga, zote tatu. Aliomba nimsomee wa tatu tena.

Tarehe 11

Nimezima Njia. Nimechomoa waya.

Nimemwambia yaya Magloire naenda Lusangi. Alikasirika.

"Ukifika kule utasema nini? Pole? Ile pole ni juu yake ao juu yako?"

"Sijui, yaya. Lakini hawezi kubaki akifikiri ni simu imemdanganya. Kuna mtu nyuma ya simu."

"Na kama wanakupiga?"

"Ntapigwa."

Alitoka nje. Baadaye nikasikia chuma kinagonga chuma. Alikuwa amegeuza kinga yangu matairi juu, anakaza breki.

Tarehe 13

Siku ya pili ya njia. Udongo umejaa kati ya tairi na garde-boue, kile kibati cha kuzuia matope, mpaka gurudumu halizunguki. Kila baada ya mita mia mbili nasimama nautoa kwa kijiti. Nimesukuma kuliko nilivyopanda. Watu wawili wa kinga wamenipita wakishuka na mihogo. Wameniuliza kama Njia imekufa. Nimesema ndiyo.

Tarehe 14

Kalonda. Nilifika asubuhi, nimelowa. Olga alikuwa mbele ya nyumba yake, anamenya mihogo. Ni mama mnene wa umri wa mama yangu, sauti yake ndogo.

"Mwalimu! Karibu. Kaa kwanza, unatetemeka."

Alinipa karanga za kuchoma na maji ya moto yenye tangawizi. Nilianza kusema niliyoyapanga njia nzima. Hakunikatiza, lakini nilipofika kwenye ujumbe wa tatu alitikisa kichwa.

"Mimi nilifikiri simu yangu ndiyo iko mubaya," alisema. "Nikasema pengine mesaji inatoka haifiki. Nikapanda tena."

"Ukapanda wapi?"

Alinyoosha mkono. Nyuma ya nyumba, mbali, kuna mlima wenye msitu hadi juu.

"Hapa hakuna rezo, mwalimu. Haukujua? Ile siku ulinipigia nilikuwa sokoni. Nikitaka kutuma ninapanda kule juu. Masaa mawili kupanda, na kushuka na utelezi."

Mara tatu alipanda. Mara ya tatu ilikuwa baada ya mimi kumwandikia hana nia; hata huo ujumbe wangu aliupatia huko juu. Kiangazi nilikuwa hapa, nilipima urefu wa daraja kwa hatua, nikahesabu miti yake, ishirini na sita, nikapiga picha. Sikuangalia kama simu yangu ina mistari ya mtandao.

"Upande huu nilikata matawi nikafunga njia," Olga alisema. "Ule upande ingine sikuweza. Maji ilinizuia. Niliita sana, lakini nani atasikia."

Alijua habari za Régina. Alisema siku ile aliwaona ng'ambo, wanaume wawili na godoro. Aliwapungia mikono warudi. Walikuwa wameshaona.

Mchana maji yalishuka mpaka kifuani. Wanaume wawili walinivusha, mmoja amebeba kinga yangu kichwani.

Tarehe 15

Nyumba ya Iliasi iko kabla ya kuingia Lusangi, upande wa kushoto, ina ua wa matete. Alikuwa uani anaziba tairi. Ni mtu mwembamba, miguu yote ni mishipa. Nilibisha hodi, akanipa kigoda bila kuniuliza jina. Nikamwambia mwenyewe.

"Mimi ni Émérance, dada ya Magloire wa Kasongo. Njia ni yangu."

Alimaliza kubandika kiraka. Alikipiga pasi kwa kiganja, taratibu. Kisha akafuta mikono, akaingiza mmoja mfukoni, akanipa simu.

"Soma."

"Kalonda inapitika."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nani aliandika hii?"

"Hakuna mtu aliyeandika siku ile. Ni programu inajibu yenyewe."

"Sijakuuliza programu. Nimeuliza nani."

"Mimi," nilisema.

Akachukua simu yake. Nilimweleza yote, neno kilalo, faili la takataka, tarehe isiyotajwa, mlima wa Olga. Nilisema Olga hana kosa hata moja. Alikuwa akitazama tairi. Nilipomaliza, kulikuwa na kuku wanaparura na sauti ya mtu anatwanga nyumba ya pili.

"Pale panda ya njia," alisema, "kulikuwa mama mumoja anauza ndizi. Ametoka Kalonda jana yake. Ile nimeijua kisha. Sikumuuliza. Nitamuuliza nini? Nilikuwa na simu." Akarudisha simu mfukoni. "Kama ile kitu yako ingeniambia haijui, ningemuuliza yule mama. Angeniambia. Ningefika."

"Ndiyo."

"Ndiyo," alirudia, lakini si kwa kunikubalia. Akasimama, akachukua kinga bila kurudisha tairi, akaibeba begani, akatoka uani. Sikumwona tena siku hiyo.

Sikujua kama niondoke. Ndipo Régina alipotoka ndani. Kitenge kimefungwa kifuani, anatembea ameshika ukuta. Ni kijana kuliko nilivyofikiri. Nilisimama. Akaniambia nikae, akakaa na yeye, kwenye mkeka.

"Nimesikia yote," alisema. "Umetoka Kasongo na kinga?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Tatu na nusu."

Aliangalia miguu yangu.

"Ile mashine, leo watu wanaiuliza?"

"Nimeizima."

"Sasa wanauliza nani?"

Nilisema labda wanaulizana wenyewe.

"Huku tuko na wamama watatu wenye mimba kubwa," alisema. "Mumoja ni mwezi huu. Mvua bado miezi mingi. Kama unaizima, mutu akifika pale panda na hakuna mama wa ndizi?"

Nilimwambia sijui kama naweza kuitengeneza iwe ya kuaminika. Alisema hakuomba iwe ya kuaminika. Aliomba nimletee maji, mtungi ulikuwa karibu na mlango. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaingia ndani kulala.

Tarehe 20

Nyumbani tangu jana. Homa.

Tarehe 24

Malaria imeniachia. Mama amenipikia uji wa mchele siku nne na kila jioni amekaa kwenye kiti changu mbele ya kompyuta iliyozimwa. Leo nimemuuliza anatafuta nini pale. "Nangojea uamuke uniwashie," alisema. "Ile mesaji sitini ya watu, nataka kuisoma yote."

Tarehe 27

Tumesoma yote, mama na mimi. Wengine wameandika ulalo badala ya kilalo. Mmoja ameandika "miti imeoza", bila jina la mto. Mzee wa Mulamba ameandika kwa Kibangubangu tupu, na mama, ambaye bibi yake alikuwa Mubangubangu, ameelewa nusu. Kati ya sitini na tatu, arobaini na nane ni habari za kweli za njia. Matangazo ni manne tu.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 1

Nimefuta faili la takataka na mistari yote iliyokuwa inalijaza. Sasa ujumbe ambao programu haiuelewi unaletwa kwa mtu ausome. Mtu huyo ni mimi. Nikiwa darasani ni mama. Anavaa miwani ya marehemu baba.

Tarehe 5

Jibu jipya lina mambo matatu: alichoona mtu, tarehe aliyoona, na jina lake. Siku mbili zikipita bila habari, programu inajibu SIJUI, inataja habari ya mwisho ni ya lini, kisha: ULIZA WATU NJIANI. Kuandika sehemu hiyo kumenichukua mistari sita. Mistari sita.

Tarehe 8

Nimewasha. Maswali kumi na nne. Tisa yamejibiwa SIJUI.

Tarehe 10

Mtu asiyejulikana: "Kama haujui ulifungua juu ya nini?"

Atumani, fundi wa kinga wa sokoni, mbele ya watu: "Mwalimu, programu yako imezeeka? Imeanza kusahau." Wakacheka. Nikacheka kidogo.

Tarehe 16

Wanaouliza wamepungua kwa nusu. Wanaotuma habari wameongezeka. Yaya Magloire, ambaye hajawahi kuniandikia kitu, ametuma mara mbili kutoka njiani, bila salamu.

Tarehe 19

Kutoka kwa muuguzi wa Lusangi: mmoja wa wale wamama watatu amezaa salama. Walipita barabara kubwa tangu mwanzo. Waliuliza Njia, ikasema kilalo ya Kalonda haiko, Olga ameona jana. Mtoto wa kike.

Nilimwambia mama. Tulifurahi, kisha mimi nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba.

Tarehe 28

Salongo Kalonda, kazi ya pamoja. Vijiji vya pande zote mbili vimekubaliana kujenga kilalo upya, na likizo imeniruhusu kwenda. Siku mbili na nusu kwa kinga. Njia imeanza kukauka. Wanaume wamekata miti juu ya mto na kuisukumiza majini mpaka hapa. Sisi wanawake tumebeba kamba na mawe, tumepika. Olga ndiye aliyekuwa akipanga sufuria na, taratibu, akawa anawapanga na wanaume pia. Habari za Kalonda hapandi nazo mlima tena. Anamwachia mtu yeyote wa kinga anayepanda, naye anatuma akifika juu kwa jina la Olga.

Iliasi alikuwepo. Alifanya kazi siku zote mbili ndani ya maji, mahali pabaya zaidi, anashikilia nguzo wakati wenzake wanazigongea. Tulipitana mara nyingi. Mara moja nilimpa sahani. Aliipokea kwa mikono miwili, akala, akarudi majini. Hakuimba.

Mwezi wa kwanza, tarehe 6

Shule imefunguliwa. Kompyuta ya pili imewaka, sijui kwa nini.

Tarehe 14

Mvua imepumzika wiki hii. Nimeomba wiki mbili kazini, niende hadi karibu na Salamabila kutafuta waangalizi wawili. Mama amebaki na mashine na miwani.

Leo, baada ya Lusangi, kwenye ule mlima mrefu wa udongo mwekundu, nilimwona mtu mbele yangu anasukuma. Bidoni tatu za mawese na gunia juu. Amejilaza kifua kwenye mzigo, miguu inateleza. Nilipomfikia nikaona kinga ni ya bluu.

Nilishuka. Sikujua nisalimie vipi, nikasema tu, "Papa Iliasi."

Alinitazama, jasho limemjaa machoni.

"Shika nyuma," alisema.

Nililaza kinga yangu majanini, nikashika gunia kwa mikono miwili. Tulisukuma. Hakuna pumzi ya kuongea kwenye mlima ule. Mara mbili tulisimama, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tukaendelea. Juu alitegemeza mzigo kwenye fimbo yake, akakaa chini. Mimi nilishuka kuchukua kinga yangu. Niliporudi alikuwa bado hapo. Nilifikiri angekuwa ameondoka.

"Mama Régina anaendelea namna gani?"

"Ameanza kulima." Akanywa maji, akanipa chupa. "Wale wamama wawili waliobaki wamezaa pia. Mumoja alipita Kalonda. Kilalo ilimubeba."

Nilisema Mungu asifiwe. Akaitikia. Upepo ulikuwa unapita juu ya magugu. Alisimama, akakagua kamba za mzigo, akazikaza, akashika usukani. Kisha akageuka.

"Leo kwa Kalonda uko na habari?"

"Sijui," nilisema. "Mimi nimepita barabara kubwa. Ya mwisho ni ya juzi."

"Mimi natoka kule asubuhi. Andika."

Nilitoa simu. Hapo juu hakukuwa na rezo hata mstari mmoja. Nikafungua daftari hili, nikaliegemeza kwenye bidoni yake, na yeye akasimama akiangalia mkono wangu mpaka nilipomaliza. Niliandika kama alivyosema:

Kilalo ya Kalonda. Inapitika. Muti ya pili toka kushoto inateleza, mupite polepole. Ni leo, saa mbili ya asubuhi. Aliyeona ni Iliasi.